Kahawa ya Posa kwa Barua Pepe

Picha ya kahawa ni kahawa?

Aliyeniuliza alikuwa bibi mmoja kutoka Kinna. Aliketi juu ya gunia la sukari katika duka la mama yangu pale Bulapesa, Isiolo mjini, na alikuwa akingoja jibu. Mimi nilikuwa na shahada ya falsafa iliyotimiza miezi minane bila kunipatia kazi. Chuoni nilibishana na wahadhiri kuhusu kuwepo kwa Mungu, kuwepo kwa meza, na kuwepo kwa mhadhiri mwenyewe siku ambazo hakuja darasani. Swali hili lilikuwa fupi kuliko hayo yote, na gumu zaidi.

Nieleze tulivyofika hapo.

Mimi sioni. Nilipofuka nikiwa darasa la nne, baada ya homa, na sitalirefusha jambo hilo kwa sababu hapa halihusiki sana. Linalohusika ni kompyuta. Nilirudi kutoka chuoni na kompyuta ya kupakata yenye programu ya kusoma skrini: kila herufi ninayobonyeza hutamkwa, na kila kinachotokea kwenye skrini husomwa kwa sauti. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamume Mwingereza, mtulivu, asiyewahi kukohoa. Kiswahili alikisoma kama mtu anayesoma maelezo ya nyuma ya chupa ya dawa ya ng'ombe, lakini nilikuwa nimemzoea, na nilimwekea kasi ambayo mtu mwingine akiisikia anadhani redio imeharibika. Mtaani wakamwita Mzungu. "Mzungu wako yuko?" watu waliuliza wakipita. Stima ikiwa imepotea nilijibu, "Amelala."

Nilikuwa nikiketi nyuma ya duka na kuwaandikia watu barua pepe za kuomba kazi. Serikali za kaunti zilikuwa bado changa, na kila mtu Isiolo aliamini kwamba kuna kiti chake katika ofisi fulani ambayo haijajengwa. Niliwaombea kazi watu waliosoma, watu ambao hawakusoma, na mtu mmoja ambaye alitaka tu kaunti ijue kwamba yupo. Nilijiombea na mimi. Tulijibiwa sote sawasawa, yaani hatukujibiwa.

Binamu yangu, mtoto wa dada yake mama, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kulamawe. Ndiye aliyenisomea vitabu vyote vya sekondari ambavyo havikupatikana kwa nukta nundu, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na maelezo ya michoro ya fizikia ambayo baadaye niligundua aliyabuni mwenyewe. Alitaka kumwoa msichana mmoja wa Kinna, na msichana alimtaka. Lakini kulikuwa na mwanamume mwingine, ofisa wa kaunti, mwenye gari na kitambulisho cha kazi kinachoning'inia shingoni hata akienda kunyoa. Tangu ugatuzi uje, kitambulisho kile kilikuwa kimewapita ngamia kwa heshima. Baba zake wadogo wa msichana walikuwa tayari wanakwenda msikitini kwa gari lake.

Kwetu Waborana, wazee wa mvulana humwendea baba wa msichana na kahawa. Si kahawa ya kunywa. Ni buni nzima zilizokaangwa kwa samli, za kutafuna. Baba akiipokea, mlango umefungwa kwa wengine wote. Akiirudisha, amekataa, na hakuna anayeuliza sababu, wala hakuna anayekwenda mara ya pili. Sasa baba huyu alikuwa dereva wa shirika la misaada Sudan Kusini, mahali ambapo simu haikushika. Walichokuwa nacho ni intaneti ya setilaiti ofisini na anwani moja ya barua pepe. Angekuja likizo baada ya wiki sita, na Kinna nzima ilijua kwamba ofisa wa kaunti angempokea barabarani kwa gari, wazee wake wakiwa kiti cha nyuma na kahawa yao. Baba wadogo walipoombwa wapokee kahawa yetu kwa niaba, walisema kaka yao yu hai na mikono anayo.

Kwa hiyo binamu yangu alikuwa na wiki sita, na alikuwa na mimi.

Wazee waliokuja dukani walikuwa wawili. Wa kwanza ni baba yake mkubwa, msemaji wa ukoo, aliyeendesha lori la Moyale enzi za vumbi, kabla ya lami, na tangu hapo aliongea na kila mtu kana kwamba kuna injini katikati. Wa pili ni bibi yake mzaa baba, ambaye sote tulimwita Akko, neno letu la bibi. Niliwauliza kwa nini hawakwenda saiba, palipo na kompyuta kumi na kijana anayeona.

"Ndiyo shida yake," alisema mzee. "Anaona. Posa ni siri. Haiandikwi na mtu anayekutazama usoni."

Nilimweleza kwamba Mzungu wangu husoma kila kitu kwa sauti, na kwamba spika za masikioni zilikufa mwezi uliopita.

"Si atasoma polepole?" alisema mzee.

Ukuta kati yetu na duka la jirani ulikuwa wa mabati. Upande wa pili kulikuwa na mama mmoja Mmeru aliyeuza dawa za mifugo, Mkristo wa kuimba kwaya, na sikio lake lilikuwa zima.

Tukaanza. Wao waliongea Kiborana, mimi niliandika Kiswahili, kwa sababu Kiborana Mzungu alikitesa zaidi.

"Andika: Asalaam aleikum," alisema mzee.

Nikaandika. Mzungu akatamka.

"Mwambie apumue," alisema Akko. "Anaongea kama dalali wa mnadani."

Nikapunguza kasi hadi ile ya mtu mwenye usingizi.

"Andika: Uko na amani? Kazi iko na amani? Gari liko na amani?"

"Nimeandika."

"Tuma."

"Nitume nini, mzee? Hatujasema kitu."

"Tumesalimia."

"Barua pepe inabeba yote pamoja. Salamu, kisha jambo lenyewe, kisha jina lako."

"Wewe ukiingia kwa mtu unasema salaam aleikum naomba binti yako? Hungoji hata aitikie?"

"Lakini hatujaingia kwake. Yuko Sudan Kusini."

"Ndiyo maana tutangoja zaidi," alisema mzee.

Nilijaribu tena. Nilisema kwamba salamu ni njia tu ya kujua kama mtu yuko tayari kusikia, na mtu aliyefungua barua yuko tayari. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akamwuliza Akko kama chuoni nilikuwa nikila vizuri. Tukatuma salamu.

Siku ya tatu jibu likaja. "Waaleikum salaam. Amani. Nyinyi mko na amani? Mvua?"

Nilitegemea mzee aone upuuzi wa jambo hili. Badala yake alifurahi sana. Barua ya pili ikaeleza mvua, kata kwa kata, kuanzia Kinna hadi Ngaremara. Jibu likauliza ng'ombe. Barua ya tatu ikaeleza ng'ombe. Jibu likauliza mbuzi. Kila jibu lilichukua siku tatu nne, kwa sababu baba huyo alifika ofisini pale tu gari lake liliporudi kutoka safari. Binamu yangu alikuja mjini kila Jumamosi, na alianza kuuliza kabla ya kuvua viatu.

"Tumefika wapi?"

"Kwa mbuzi," nilimwambia.

"Kwa mbuzi! Jumamosi iliyopita si mlikuwa kwa ng'ombe?"

"Ng'ombe ni wazima. Sasa tuko kwa mbuzi."

"Wiki mbili zimeisha, dada yangu. Wiki mbili! Yule jamaa ameosha gari. Nimeliona kwa macho yangu, limeoshwa hadi magurudumu."

"Mwambie baba yako mkubwa."

"Nimemwambia. Anasema hatuwezi kuruka mbuzi."

Mama jirani akaita kutoka ng'ambo ya mabati, "Na hao mbuzi wamechanjwa?"

Posa yetu ilikuwa siri kiasi hicho.

Wakati ule nilikasirika kuliko binamu yangu. Yeye alitaka mke. Mimi nilitaka mtu mmoja aniambie sababu. Nilimwuliza Akko nani aliweka utaratibu wa mbuzi kufuata ng'ombe. Akasema ni mbuzi wenyewe, kwani jioni ng'ombe huingia kwanza. Sikujua kama ananitania. Uso wake sikuuona, na sauti yake haikunipa msaada wowote.

Baada ya mbuzi jibu lilikuwa tofauti. Mzungu alilisoma kwa sauti yake ile ile ya chupa ya dawa: "Nimefurahi wote ni wazima. Naona mko na jambo."

Mzee alijipiga paja. "Amefungua mlango!"

"Alhamdulillahi," alisema Akko.

"Haya," nikasema, vidole vikiwa tayari. "Sasa naandika kwamba tunaomba binti."

"Kwa mkono mtupu?" alisema mzee. "Bila kahawa sisi ni wapita njia tu. Kahawa kwanza."

Mzee akafikiria lori. Alijua dereva anayejua dereva anayefika Juba. Binamu, maana ilikuwa Jumamosi, akahesabu siku, akasema lori litamkuta baba mkwe Kinna akicheza na wajukuu, watoto wa ofisa wa kaunti. Kisha, polepole, kama mtu anayeogopa kupigwa, akasema angeweza kuipiga kahawa picha.

Ndipo Akko akaniuliza swali lake.

"Wewe ndiye uliyesoma," aliongeza.

Nikasema wanafalsafa wanatofautiana.

"Kuhusu kahawa?"

"Kuhusu picha."

"Hao hawana binti wa kuoza," alisema Akko.

"Picha ya dawa haiponyi ng'ombe!" ikaja sauti kutoka ng'ambo ya mabati.

"Mama, hapa hatutibu ng'ombe!" mzee akajibu.

"Nasema tu, mzee wangu. Samahani."

Akko alifikiri kwa muda wa kutafuna. Mwishowe akasema kwamba barua ile haikuwa mdomo wa mzee na tumeikubali kama mdomo, tena ikisomwa na Mzungu, basi kahawa nayo ipewe nafasi. Lakini iwe kahawa kweli. Isiwe picha ya kutafutwa kwenye simu. Siku iliyofuata alikuja na buni kutoka Kinna, akazikaanga kwa samli kwenye jiko letu, na duka lilinukia hadi wateja wa sukari wakasahau walichofuata. Zikamiminwa kwenye bakuli la mti. Mzee akalishika kwa mikono miwili, akainama kidogo kama anavyopaswa, akimwinamia binamu yangu aliyekuwa nyuma ya simu.

"Usicheke, kijana. Huyu ni mkwe wako."

"Sicheki, baba. Ni simu inatikisika."

Nikaiambatisha picha. Mzungu akatangaza kwamba kuna picha, akataja namba yake, akanyamaza.

"Hasemi kahawa?" aliuliza mzee.

"Haoni picha. Yeye anasoma maandishi tu. Picha kwake ni namba."

"Kwa hiyo anayeandika haoni na anayesoma haoni."

"Ndiyo, mzee."

"Basi siri yetu iko salama," alisema kwa sauti iliyofika stendi.

Maneno yaliyosindikiza kahawa yalikuwa machache na mazuri, na sikuyabishia. Tukatuma. Kisha wote watatu wakazitafuna zile buni, wakanipa na mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuoni nilihisi kwamba kuna kazi ninayoifanya.

Jibu lilikuja siku ya nne, na wazee wote wawili wakiwa wamekaa tayari, kwa sababu walikuwa wamekuja kila siku kungoja. Mzungu alisoma: "Nimeiona. Salamu kwa wote nyumbani." Nikatoa pumzi. Kisha akaendelea, kwani yeye haachi kitu: kiambatisho kimoja. Picha. Akataja namba.

"Amesema nini hapo mwisho?" aliuliza mzee.

Nilipaswa kunyamaza. Lakini nimezoea kusema kilichopo. "Kuna picha. Ni ile ile yetu."

"Imekuja kwetu?"

"Ndiyo."

Nilisikia gunia la sukari likishusha pumzi Akko alipoinuka. Mzee alitafuta fimbo yake. Ng'ambo ya mabati, mama jirani aliacha kupanga chupa zake.

"Amerudisha kahawa," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza aliongea kana kwamba hakuna injini.

"Hapana," nikasema. "Hapana, mzee, kaa. Sikiliza. Hii ni mashine. Kuna kitufe cha kujibu, kinachoacha picha, na kuna kitufe cha kupitisha barua na kila kilichomo. Vimekaa bega kwa bega. Amebonyeza kisicho chake. Watu hukosea hivyo kila siku! Mhadhiri wangu alifanya hivyo na barua ya mke wake."

"Mtu mzima harudishi kahawa kwa kuteleza kidole."

"Lakini ameandika salamu! Ameandika ameiona!"

"Anayekataa kwa heshima husalimia," alisema mzee. "Kijana aambiwe."

Binamu yangu hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amewatoroka wanafunzi wake wa darasa la sita. Hakulia wala hakugomba. Aliniuliza tu, "Una hakika ni namba ile ile?" kwa sauti aliyotumia zamani aliponisomea swali la mtihani ambalo sote wawili hatukulijua. Nikamwambia nina hakika. Akakaa chini kwenye kizingiti, na wateja wakaanza kumruka.

Ni Akko aliyeanza tena. Alikuwa bado hajatoka.

"Intala," alisema, yaani msichana, "hiyo picha aliyoirudisha, yeye bado anayo?"

"Ndiyo. Picha ikitumwa haimtoki aliyeituma."

"Kwa hiyo amerudisha, na amebaki nayo."

"Ndiyo."

"Na sisi tulipompa, tulibaki nayo."

"Ndiyo, Akko. Iko kwenye simu, na iko kwenye barua zilizotumwa."

"Basi hatukumpa kitu," alisema Akko. "Tulimwonyesha tu. Mtu akionyeshwa kahawa na mwenye kahawa asiiachie, afanye nini? Na mimi ningekwambia nimeiona."

Mzee akarudi kukaa. Nilihisi falsafa yote ya Ulaya ikipita nje ya duka bila kusalimia.

"Futa yetu," aliamuru Akko.

Binamu akafuta picha kwenye simu yake. Akko akamfanya aape. Mimi nikafuta nakala kwenye barua zilizotumwa, Mzungu akithibitisha kila hatua kwa sauti, na mzee akiitikia "haya" kila alipothibitisha. Sasa hatukuwa na kahawa. Tulikuwa tumeitoa.

"Na hii aliyoirudisha?" aliuliza mzee. "Si imeingia?"

Hapo nilimpa jibu la fundi, si la mwanafalsafa. Nilisema kiambatisho hakiingii kwenye kompyuta mpaka mtu akifungue. Kwa sasa kiko kwenye barua, kinangoja kubonyezwa.

"Kiko wapi hasa?"

"Tuseme kiko mlangoni."

"Kimebisha hodi?"

"Kimebisha."

"Hatujasema karibu?"

"Hatujasema."

Mzee na Akko wakanong'ona, ingawa mnong'ono wa mzee ulikuwa wa kawaida. Kisha akaja karibu na mashine, akakohoa, na akaongea kama anayetoa hotuba kwenye mkutano wa chifu.

"Andika: Asalaam aleikum. Barua yako imefika na salamu tumezipokea. Kahawa iko mlangoni kwetu. Hatujaifungulia na hatutaifungulia. Kwetu hakuna nyingine. Tuliyokuwa nayo tumekupa yote. Uko na amani?"

Niliandika. Lakini nilimfikiria yule mzee wa Sudan Kusini akisoma mafumbo haya mbele ya kompyuta ya ofisi, bila kujua kwamba kidole chake kimevunja ndoa. Nilimfikiria pia aliyekaa kizingitini. Sentensi moja tu ya akili ingetosha. Basi baada ya neno "yote", haraka, kwa vidole vyepesi, kwani herufi moja moja hawakuzifuata, nikaongeza: "Huenda ulibonyeza kitufe kisicho chake, na kama ni hivyo tunaelewa."

"Sasa tusomewe," alisema Akko.

Nilisahau. Kwa wiki nne tulikuwa tukisomewa kila barua kabla ya kutuma, na mimi nilisahau. Mzungu alianza na salaam, akapita mlangoni, akafika kwenye "yote", na bila aibu, kwa ile kasi ya usingizi tuliyompa wenyewe, akawasomea sentensi yangu neno kwa neno.

"Hiyo hatukusema," alisema Akko.

"Ni ufafanuzi tu."

"Unamwambia mzee hajui kutumia mikono yake?" alisema baba mkubwa.

"Namwachia njia ya kutokea!"

"Sisi tumetumwa na mvulana. Wewe umetumwa na sisi. Huyu Mzungu ametumwa na wewe. Kila mtu akiongeza lake, barua itafika na watu wangapi ndani?"

"Binti," akaita mama jirani, "hata mimi naona uifute."

Nikaifuta, herufi kwa herufi, Mzungu akitamka kila moja ikitoka. Iliwachosha lakini hawakuondoka mpaka ya mwisho. Kisha nikatuma barua yao kama walivyoisema. Nilikuwa na hakika kwamba wameimaliza posa ya binamu yangu kwa mkono wangu.

Siku tisa zilipita. Siku ya tano gari la ofisa wa kaunti lilipita mbele ya duka. Binamu alilitambua kwa mlio na akaacha chai. Akko aliendelea kuja. Aliketi kwenye gunia lake, akaniuliza habari za chuo, na kama ni kweli kuna watu wanaolipwa kuuliza maswali. Nilimwambia ni kweli. Akasema basi sitakosa kazi.

Siku ya kumi Mzungu akasoma: "Asalaam aleikum. Kahawa nimeichapisha kwenye karatasi. Nimeiweka ndani ya pasipoti yangu. Wazee wasirudi njiani tena, wamefika. Mimi niko na amani."

Hakukuwa na kiambatisho. Mzee alinifanya nisikilize mara tatu kuhakikisha. Binamu yangu alinikumbatia pamoja na kompyuta, ikaanguka kwenye gunia la maharagwe, na Mzungu akaendelea kusoma tangazo la mtandao akiwa kichwa chini. Mama jirani aliingia kwa mlango wa mbele kwa mara ya kwanza katika posa nzima, akiwa na soda, akauliza, "Kwani kumetokea nini?"

Baba mkwe alipokuja likizo, ofisa wa kaunti alimpokea barabarani kama ilivyotarajiwa, gari likiwa limeoshwa. Wazee waliokuwa ndani wakatoa kahawa yao. Akafungua pasipoti, akawaonyesha karatasi iliyokunjwa mara nne. Printa ya ofisi yao ilikuwa ya wino mweusi peke yake, na binamu yangu anasema buni za Akko zilionekana kama kinyesi cha mbuzi kwenye bakuli. Lakini mikono ya mzee wetu ilionekana vizuri, na wazee wale waliitambua. Walirudisha kahawa yao kwenye gari. Harusi ilifanyika Kinna kabla ya likizo kwisha. Mimi nilipewa mguu wa mbuzi wa mwandishi, na Mzungu akaombewa dua.

Kwa miaka kadhaa nilikisimulia kisa hiki kila nilipokaa na watu, nacho kilikuwa na funzo langu mwenyewe: kwamba ukoo mzima ulikaribia kuvunjika kwa sababu ya kitufe kimoja, na kwamba watu wangekuwa na amani zaidi kama wangeuliza kabla ya kufasiri. Nilikisimulia kazini, kwani nilipata kazi hatimaye. Nilikisimulia hata Kinna, nyumbani kwa baba mkwe mwenyewe, siku ya kumpa jina mtoto wa tatu wa binamu yangu. Alikuwa amestaafu udereva. Alicheka mahali pote pa kucheka. Watu walipoondoka akaja kukaa karibu nami.

"Kitufe gani hicho?" aliuliza.

Nikamweleza: cha kujibu, na cha kupitisha, bega kwa bega.

"Niliirudisha, mama," alisema. "Ndugu zangu walikuwa wameniandikia habari za yule mwenye gari, na mimi kijana wenu sikumjua. Niliirudisha. Kisha mkasema iko mlangoni, na kahawa haiwezi kulala nje."

Karani wa ofisi alikuwa amemwambia kwamba akijibu tu inatosha, barua itafika bila picha. Yeye akasema picha lazima irudi. Karani mwenyewe hakujua inavyofanywa, na iliwachukua wote wawili tangu chai ya saa nne hadi adhuhuri kujifunza.